Fizi zinazotoka damu: nani wa kuzitazama Kasansa?

Mtu wa Kasansa anayetema mate yenye damu asubuhi ana sababu nyingi za kutoihangaikia. Haumwi. Anatafuna ugali bila shida. Damu yenyewe hukatika kabla hajamaliza kusukutua. Kasansa ni kata ya Halmashauri ya Wilaya ya Mpimbwe, katika bonde la Ziwa Rukwa, na kutoka huko hadi Mpanda mjini, makao makuu ya Mkoa wa Katavi, ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara inayopita Kibaoni na kukatiza Hifadhi ya Taifa ya Katavi. Mvua zinaponyesha na mpunga unadai palizi, nani ataacha shamba apande gari kwa ajili ya fizi zisizouma?

Ndiyo maana wengi humfikia mtaalamu jino likiwa limeshalegea, na kilichobaki ni kuling'oa. Kati ya mate yale mekundu ya kwanza na koleo la kung'olea hupita miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Miaka hiyo ndiyo inayonishughulisha hapa. Watu wakizungumzia fizi huuliza dawa: chumvi, mwarobaini, vidonge gani, dawa ipi ya meno. Naona swali lenye uzito zaidi ni jingine. Miongoni mwa watu wengi ambao fizi zao hutoka damu, ni akina nani watakaopoteza meno, na ni nani aliye karibu nao anayeweza kuwatambua mapema?

Chanzo cha damu hiyo kinajulikana vizuri. Jino lililosafishwa halimalizi siku kabla bakteria hawajalijengea utando laini unaonata, ambao ulimi huuhisi ukipita juu yake. Huo ni ukoga. Ukiachwa kwa siku kadhaa, madini ya mate huanza kuugandisha ukawa ugaga, mgumu, wa rangi ya njano au kahawia, na hapo mswaki hauwezi tena kuutoa. Mwili nao haukai kimya. Hupeleka damu nyingi na chembe za kinga kwenye ukingo wa ufizi ulio jirani na bakteria hao. Ufizi huvimba, hubadilika kutoka rangi ya waridi kuwa mwekundu, na ngozi yake ya ndani hudhoofika kiasi kwamba mguso mdogo tu huifanya itoke damu.

Uthibitisho wake ulipatikana kwa jaribio jepesi ajabu. Mwaka 1965 Harald Löe na wenzake huko Aarhus, Denmark, walichapisha matokeo ya watu 12 wenye fizi nzima waliokubali kuacha kabisa kusafisha meno. Kati ya siku 10 na 21 wote walikuwa na fizi zilizovimba. Waliporudia kusafisha, fizi zilipona kwa takriban wiki moja. Hapakuwa na dawa wala chakula maalumu. Ukoga uliletwa, ugonjwa ukaja; ukoga ukaondolewa, ugonjwa ukaondoka.

Jaribio hilo linapaswa kufuta kosa moja kubwa la nyumbani. Mtu akiona damu kwenye mswaki hudhani mswaki ndio uliomjeruhi, basi anaukwepesha. Husugua meno ya mbele juu juu na kuliacha lile eneo lenye kidonda lipumzike. Kumbe analiacha na ukoga wake, na kila siku inayopita fizi huzidi kuvimba na damu huzidi kutoka. Ushauri sahihi unakwenda kinyume na hisia: pale panapotoka damu ndipo pasafishwe zaidi, taratibu, kwa mswaki laini ulioinamishwa kuelekea ukingo wa ufizi. Damu itaendelea siku chache za mwanzo. Kama tatizo ni ukoga peke yake, baada ya wiki moja au mbili itakuwa imepungua sana au imekoma. Isipokoma, hilo nalo ni jibu, na tutalirudia.

Hatua ya pili ni ya aina nyingine kabisa, na haina njia ya kurudi. Uvimbe unapodumu kwa muda mrefu kwa mtu ambaye mwili wake una udhaifu fulani, nyuzi zinazolishika jino kwenye mfupa huanza kukatika na mfupa wenyewe huanza kuliwa. Ufizi huachana na jino na pembeni yake hutokea mfuko. Kwa mtu mzima mwenye afya, kijiti cha kupimia cha daktari huingia hapo milimita 1 hadi 3. Kuanzia milimita 4 na kuendelea pana wasiwasi, na ndani ya mfuko huo mswaki haufiki. Mara nyingi bado hapaumi. Huja harufu mbaya ya kinywa isiyoondoka, usaha kidogo ukibonyeza ufizi, meno yanayoonekana marefu kuliko zamani, nafasi zinazojitokeza kati ya meno ya mbele. Kisha jino hucheza. Mfupa uliokwisha kuliwa haurudi wenyewe. Tiba husimamisha uharibifu ulipofikia.

Shirika la Afya Duniani, katika ripoti yake ya mwaka 2022 kuhusu afya ya kinywa, lilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 wana ugonjwa mkali wa fizi, karibu asilimia 19 ya watu wazima duniani. Ni idadi ya kutisha. Lakini isomwe pia upande wake wa pili: watu wazima wengi, wakiwemo wengi ambao fizi zao hutoka damu, hawafiki huko.

Tanzania na Kenya zina nafasi ya heshima katika kulielewa jambo hili. Hadi miaka ya 1970 vitabu vingi vya udaktari wa meno vilifundisha kwamba fizi zikivimba na zisitibiwe, mwisho wake kwa kila mtu ni meno kudondoka, na kwamba Waafrika wa vijijini, wasio na daktari wa meno, walikuwa katika hali mbaya kuliko wote. Mwaka 1986 Vibeke Baelum, Ole Fejerskov na wenzao walichapisha uchunguzi wa watu wazima wa Tanzania, na mwaka 1988 ukafuata mwingine wa watu 1,131 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 katika vijiji vya Machakos, Kenya. Ukoga na ugaga waliukuta karibu kila kinywa. Fizi zinazotoka damu zilikuwa jambo la kawaida. Hata hivyo wengi walikuwa wamebaki na meno yao mengi hadi uzeeni, na uharibifu mkubwa wa mfupa ulikuwa umejikusanya kwa watu wachache, na kwa meno machache ndani ya vinywa vya watu hao. Huko Machakos, sababu kuu ya meno kung'olewa ilikuwa kuoza.

Matokeo hayo yanalingana na ya Sri Lanka. Löe yuleyule na wenzake walianza mwaka 1970 kuwafuatilia vibarua 480 wa mashamba ya chai waliokuwa hawana desturi ya kusafisha meno wala huduma yoyote ya kinywa. Wote walikuwa na ukoga, wote walikuwa na fizi zilizovimba. Baada ya miaka 15, asilimia 8 walikuwa wameharibikiwa kwa kasi, hata kupoteza karibu meno yote wakiwa na umri wa kati; asilimia 81 waliharibikiwa polepole; na asilimia 11 hawakuvuka hatua ya uvimbe.

Kwa kata kama Kasansa, naziona takwimu hizi kuwa habari njema, na nashangaa hazizungumzwi vya kutosha. Kama kila fizi inayotoka damu ingekuwa inaelekea kung'olewa kwa meno, kazi isingekuwa na mwisho. Hakuna nchi ya Afrika Mashariki yenye wataalamu wa kutosha kukwangua ugaga wa kila raia kila baada ya miezi sita. Kumbe kazi inagawanyika. Kundi kubwa linahitaji mswaki na maelezo sahihi. Kundi dogo linahitaji kutafutwa, kwa sababu halitajitokeza lenyewe hadi meno yalegee.

Kundi hilo dogo lina sura zinazotambulika. Wavutaji tumbaku wako mstari wa mbele. Katavi ni mkoa unaolima tumbaku, hasa upande wa Mpanda, na sigara na ugoro si vitu vigeni. Moshi wa tumbaku hubana mishipa midogo ya damu kwenye fizi, kwa hiyo mvutaji huweza kuwa na fizi zilizokauka, zisizotoka damu hata kidogo, huku mfupa wa chini ukiendelea kuisha. Kutotoka damu kwa mvutaji hakumpi uhakika wowote. Namtahadharisha hasa mzee anayejisifu kwamba fizi zake ni ngumu.

Kisukari ni sura ya pili. Sukari ikipanda kwa muda mrefu, kinga hufanya kazi vibaya na fizi huharibika haraka; na fizi zenye ugonjwa mkali nazo hufanya sukari iwe ngumu kushuka. Tiba ya fizi kwa mgonjwa wa kisukari imeonekana kuishusha sukari kwa kiasi kidogo lakini cha maana. Mtu wa miaka arobaini na kitu ambaye fizi zake zimebadilika ghafla, zina usaha hapa na pale, anakojoa sana na anakonda, apimwe sukari kabla hajaandikiwa dawa ya kusukutua.

Wapo pia wanaotumia dawa zinazokuza fizi. Fenitoini, inayotumiwa na wagonjwa wa kifafa, inaweza kuzifanya fizi zinenepe hadi kufunika sehemu ya meno. Nifedipini na amlodipini za shinikizo la damu zinaweza kufanya vivyo hivyo, ingawa kwa wachache. Mgonjwa asiyeambiwa hili huona aibu, hucheka mdomo ukiwa umefumbwa, na hatari ni kwamba ataacha dawa ya kifafa. Asiiache, amweleze tabibu wake, na asafishe meno kwa bidii maradufu, kwa kuwa fizi hukua zaidi penye ukoga.

Na wapo waishio na virusi vya UKIMWI. Kinga ikishuka, fizi huweza kupata vidonda vya ghafla, vyenye maumivu makali na harufu nzito, na ncha za ufizi kati ya meno huonekana kama zimekatwa. Kabla dawa za kufubaza virusi hazijasambaa, wahudumu wengi walizoea kuiona hali hiyo kama dalili ya kwanza. Bado inafaa kuzoewa hivyo.

Nimewaacha wajawazito kwa makusudi, kwa sababu kwao Katavi ina sababu ya pekee ya kusimama. Homoni za mimba huzifanya fizi zipokee ukoga uleule kwa uvimbe mkubwa zaidi. Damu huongezeka kuanzia mwezi wa pili hivi na kufikia kilele mwezi wa nane, na mara nyingine kinyama chekundu huota kati ya meno mawili, kinachotisha kwa macho lakini kwa kawaida husinyaa baada ya kujifungua. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 uliuweka Katavi kileleni kwa mimba za utotoni: asilimia 45 ya wasichana wa miaka 15 hadi 19 walikuwa wameshazaa au walikuwa na ujauzito, wakati wastani wa nchi ulikuwa asilimia 27. Utafiti wa mwaka 2022 ulionyesha Katavi imeshuka, lakini bado iko juu. Maana yake ni kwamba maelfu ya wasichana wa mkoa huu huanza kuona damu nyingi mdomoni wakiwa na umri wa kwenda shule, na maelezo wanayoyapata ni yale ya mitaani, kwamba mtoto tumboni anakula meno ya mama, au kwamba mjamzito haruhusiwi kuguswa meno.

Yote mawili si kweli. Mtoto hachukui madini kutoka kwenye meno ya mama. Na ugaga unaweza kukwanguliwa wakati wa mimba kwa usalama, vizuri zaidi katika miezi ya katikati. Hapa nitaweka mpaka mmoja, kwa sababu wapo wanaouza hofu: majaribio makubwa, likiwemo la Marekani lililochapishwa mwaka 2006, hayakuonyesha kwamba kutibu fizi za mjamzito kunazuia kujifungua kabla ya wakati. Tunamtibu mama kwa ajili ya mama mwenyewe, na hiyo ni sababu inayotosha.

Kuhusu chakula, watu wengi wakiona fizi zinatoka damu huambiwa wale machungwa. Ushauri huo una historia ndefu katika pwani yetu. Vasco da Gama alipokuwa anarudi kutoka India, kuvuka bahari kulimchukua karibu miezi mitatu, na mabaharia wake wakashikwa na kiseyeye: fizi zikakua hadi kufunika meno wasiweze kula, miguu ikavimba, na watu wapatao 30 wakafa katika safari hiyo. Walipofika Malindi mwanzoni mwa Januari 1499, kitu kilichotafutwa haraka kwa ajili ya wagonjwa kilikuwa machungwa. Muda mfupi baadaye waliichoma moto meli yao moja, São Rafael, kwa kukosa watu wa kuiendesha. Wenyeji wa Malindi walikuwa na matunda hayo bustanini karibu miaka 250 kabla ya James Lind, daktari wa jeshi la majini la Uingereza, kufanya jaribio lake la mwaka 1747 la kuwapa mabaharia wagonjwa machungwa na malimao.

Lakini kiseyeye huja baada ya miezi ya kukosa kabisa matunda na mboga mbichi au zilizopikwa kidogo. Katika bonde la Rukwa lenye matembele, mchicha, maembe na mapera, si rahisi mtu mzima anayekula kama wenzake kukifikia. Mapera, kwa kweli, yana vitamini C mara kadhaa kuliko machungwa. Ale, atafaidika mwili mzima. Ila asitegemee kwamba tunda litaondoa ukoga. Ninayemhofia ni mzee anayeishi peke yake kwa ugali na dagaa, au mtu aliyeugua muda mrefu na kulishwa uji mtupu. Kwa hao, fizi zilizovimba pamoja na madoa ya damu kwenye ngozi ya miguu ni swali la chakula kweli.

Sasa mswaki. Duka la kijijini huuza mswaki wa plastiki, na mti unapatikana bure, na nimechoka kusikia mti ukidharauliwa. Mwaka 1987 Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi ya mswaki wa mti pale ulipo desturi. Ukitafunwa ncha hadi nyuzi zilainike na ukasuguliwa kwa uangalifu, unaondoa ukoga. Udhaifu wake upo kwenye umbo. Nyuzi zinafuata urefu wa kijiti, kwa hiyo ni vigumu kuzifikisha upande wa ndani wa meno, hasa nyuma ya meno ya mbele ya chini. Bahati mbaya hapo ndipo vinapofungukia vijia vya mate ya chini ya ulimi, na ndipo ugaga unapoganda haraka kuliko kwingine, pamoja na upande wa nje wa magego ya juu. Mtumiaji wa mti akijua hilo, akafungua mdomo mbele ya kioo na kuelekeza nguvu huko, atakuwa amefanya nusu ya kazi ya daktari. Mtumiaji wa plastiki naye asijione salama: mswaki uliopinda nywele pande zote hausafishi, na ule mgumu unaosuguliwa kama sufuria huchimba mizizi ya meno. Mara mbili kwa siku, dakika mbili, na ile ya usiku kabla ya kulala isikosekane.

Dawa ya meno yenye floraidi inasaidia dhidi ya kuoza. Kwa fizi, kinachofanya kazi ni kule kusugua. Maji vuguvugu ya chumvi hutuliza ufizi uliovimba, hayaondoi ugaga. Mkaa na majivu hukwangua kwa ukali na kula uso wa jino. Kuhusu kati ya meno, uzi maalumu haupatikani kirahisi vijijini, lakini kijiti laini cha kuchokolea, kikipitishwa taratibu bila kuchoma ufizi, ni bora kuliko kuacha.

Duka la dawa ndilo linalonitia wasiwasi mkubwa. Mpango wa maduka ya dawa muhimu, ulioanzia Ruvuma mwaka 2003 na kusambazwa nchi nzima, umewaletea watu wa vijijini dawa wasizokuwa nazo, na ni jambo la kushukuru. Lakini mtu mwenye fizi zinazotoka damu akifika dirishani, ni rahisi sana aondoke na amoksilini au metronidazo za siku tatu. Uvimbe utapungua kidogo, ataamini amepona, na ukoga na ugaga vitabaki palepale. Bakteria walio ndani ya ukoga wamejikinga, na dawa ya kumeza huwafikia kwa shida. Mwezi ukipita damu inarudi, naye anarudi dirishani. Kinachobaki ni usugu wa vimelea, ambao utamdhuru mwanawe siku atakapopata nimonia. Antibiotiki zina mahali pake kwenye fizi: jipu lenye homa, vidonda vya ghafla vyenye maumivu na harufu. Kwa damu ya kawaida ya asubuhi, hapana.

Tiba ya kweli ya hatua ya pili ni kukwangua ugaga, juu ya ufizi na ndani ya mifuko, hadi mzizi uwe laini. Watu wengi huiogopa kwa kusikia kwamba ukikwanguliwa meno hulegea. Kinachotokea ni kwamba ugaga ulikuwa umeziba nafasi ambazo mfupa na ufizi vilishaziacha; ukiondoka, nafasi zinaonekana, na jino huhisiwa tofauti kwa siku kadhaa. Kisha ufizi hukaza. Kazi hii hufanywa kwa vyuma vya mkono visivyohitaji umeme. Nalitaja hilo kwa sababu Tanzania ilishawahi kuionyesha dunia thamani ya vyuma vya mkono: njia ya kuziba meno yaliyooza bila mashine ya kutoboa, inayotumika leo katika nchi nyingi, ilianza kujaribiwa nchini mwetu katikati ya miaka ya 1980. Kiti kilichochongwa vizuri, mwanga wa dirisha, maji yaliyochemshwa, vyuma vilivyotakaswa na tabibu wa kinywa aliyefunzwa vinatosha kwa wagonjwa wengi.

Tatizo ni kwamba tabibu huyo hayupo zahanati. Katika mfumo wetu, huduma ya kinywa kwa kawaida huanzia kituo cha afya au hospitali ya wilaya, na mara nyingi hata hapo huwa ni kung'oa tu, kwa kuwa wagonjwa wanaokuja ni wenye maumivu. Kusubiri kila zahanati ipate mtaalamu wake ni kusubiri kizazi kizima. Wakati huohuo zahanati ina muuguzi anayemwona kila mjamzito wa kata mara kadhaa. Ina siku ya kuwaona wenye kisukari na shinikizo. Wanaochukua dawa za kufubaza virusi hurudi kwa tarehe zinazojulikana. Mwenye kifafa hurudi kuchukua vidonge. Karibu wote niliowataja kuwa kundi dogo lenye hatari tayari wana kadi na tarehe ya kurudi. Kinachokosekana ni mtu kumwambia mmoja wao, "Mama, hebu fungua mdomo."

Muuguzi hahitaji kuwa daktari wa meno ili afanye hivyo. Kwa tochi na kijiti cha kubonyezea ulimi ataona wekundu, uvimbe, ugaga, usaha. Kwa kidole chenye glavu atajua jino linacheza au halichezi. Atauliza kama anavuta, na kama meno yameachana miaka ya karibuni. Aliye na damu tu ataelekezwa namna ya kusafisha na kuangaliwa tena siku ya kadi inayofuata. Ambaye damu haikukoma licha ya kusafisha vizuri, au mwenye usaha, au mwenye jino linalocheza akiwa na umri chini ya miaka hamsini, ataandikwa. Kijana wa miaka kumi na tano au ishirini ambaye magego ya kwanza na meno ya mbele yanalegea wakati kinywa chake kinaonekana safi aandikwe wa kwanza, kwa sababu ipo aina ya ugonjwa huu inayoshika vijana na kwenda kwa kasi, mara nyingi ndani ya familia moja.

Wapo ambao hawapaswi kusubiri orodha yoyote. Fizi zinazotoka damu zenyewe bila kuguswa, pamoja na michubuko isiyoeleweka na uchovu, zinaweza kuwa ugonjwa wa damu wenyewe na zinahitaji hospitali. Na mtoto mdogo, hasa wa miaka miwili hadi sita, aliyedhoofika kwa utapiamlo au aliyetoka kuugua surua, akipata kidonda cha ufizi chenye harufu na shavu likaanza kuvimba, ni dharura ya siku hiyohiyo. Hivyo ndivyo unavyoanza ugonjwa ambao madaktari huuita noma, unaokula shavu na taya kwa siku chache na ambao, bila tiba, huua hadi watoto 9 kati ya 10. Desemba 2023 Shirika la Afya Duniani liliuingiza katika orodha ya magonjwa ya kitropiki yaliyosahaulika. Ukikamatwa katika siku za mwanzo, antibiotiki za kawaida, usafi wa kinywa na chakula vinatosha kuusimamisha. Baba au mama asiambiwe kuwa ni meno yanaota.

Waliobaki kwenye orodha ya muuguzi ndio wanaostahili safari, na naona ni haki zaidi safari hiyo ifanywe na tabibu kuliko wagonjwa. Miezi ya Juni hadi Agosti barabara za bonde ni kavu, mpunga umeshavunwa na watu wana nafasi. Tabibu mmoja wa kinywa akitoka hospitali na sanduku la vyuma vyake, akakaa zahanati kwa siku kadhaa na kuwaita walioandikwa mwaka mzima, atafanya kazi ambayo nusu yao hawangeifuata Mpanda kamwe. Orodha ya watu thelathini au arobaini inamalizika ndani ya wiki moja, na baada ya miezi michache muuguzi yuleyule anaweza kuwaangalia tena siku ya kadi, kwa tochi ileile, na kuona ni fizi zipi zimekaza na zipi bado zinatoa usaha. Gharama yake ni mafuta ya gari, posho ya tabibu, glavu, ganzi na saa chache za kumfundisha muuguzi mwanzoni. Halmashauri inapopanga bajeti ya afya ya mwaka, fungu la kinywa huwa ni la kununulia koleo na ganzi za kung'olea. Hizi siku chache za kiangazi zinaweza kuandikwa mstari wa chini yake.